Karotini: Kutoka Sahanini hadi Katika Damu

Chakula kilichomo tumboni bado si mali ya mwili. Huwa mali yake pale tu kinapovuka ukuta wa utumbo mwembamba. Kanuni hiyo yaeleza kwa nini mtoto anayekula mchicha kila siku aweza kupungukiwa na vitamini A, akashindwa kuona vizuri gizani, na upungufu ukizidi, akapofuka kabisa.

Mchicha, kisamvu, karoti, maembe mabivu na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina karotini. Katika majani rangi yake haionekani kwa kuwa hufunikwa na ukijani wa klorofili. Karotini ni mojawapo ya antioksidanti, yaani kemikali zinazozuia oksijeni isiharibu seli. Kazi yake yafanana na ile ya zinki iliyopakwa juu ya bati la paa: zinki huliwa yenyewe ili chuma kisipate kutu.

Safari ya karotini

Kikwazo cha kwanza ni jani lenyewe. Karotini imefungwa ndani ya seli zenye kuta ngumu. Kutwanga, kupika na kutafuna huzipasua kuta hizo. Kikwazo cha pili ni maji. Karotini haiyeyuki katika maji, bali katika mafuta. Mafuta yakiwemo katika mlo, nyongo huyagawanya kuwa matone madogo mno, na matone hayo huibeba karotini hadi kwenye seli za utumbo. Humo kimeng'enya huikata sehemu yake na kuigeuza kuwa vitamini A. Sehemu inayosalia hupitia mishipa ya limfu, huingia katika damu, kisha hufika kwenye ini na viungo vingine.

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, walieleza jaribio ambamo watu walikula saladi ile ile kwa viwango mbalimbali vya mafuta. Waliokula bila mafuta hawakufyonza karotini kwa kiasi cha maana. Aidha, mwaka 2001 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilikadiria kuwa mikrogramu 12 za karotini aina ya beta katika chakula hutoa mikrogramu 1 tu ya vitamini A. Ikiwa imeyeyushwa katika mafuta, mikrogramu 2 hutosha. Ndiyo sababu mawese mekundu ni chanzo bora sana cha vitamini hiyo.

Je, vidonge ni bora zaidi?

Yawezekana mwanafunzi akauliza: kwa nini tusimeze karotini tupu? Jibu lilipatikana nchini Finland. Wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara waligawanywa katika makundi, na baadhi yao wakapewa miligramu 20 za karotini kila siku kwa miaka 5 hadi 8. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994: waliopewa karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Kinachofaa kwa kiasi kilichomo katika chakula si lazima kifae kikizidishwa.

Jaribio la darasani

Mwalimu akwangue karoti na kuigawa mafungu mawili. Fungu moja alipashe moto polepole katika mafuta ya kupikia, na la pili alichemshe katika maji. Baada ya dakika chache wanafunzi walinganishe rangi: mafuta yatakuwa yamegeuka rangi ya chungwa, hali maji yamebadilika kidogo tu. Kwa usalama, mafuta ya moto yashikwe na mwalimu peke yake.

Mchicha wa nazi na kisamvu cha karanga ni mapishi ya siku nyingi nchini mwetu. Tui na karanga huongeza ladha, na pia ndizo zinazoisaidia karotini kuvuka ukuta wa utumbo. Penye uhaba, kijiko kimoja cha mafuta katika mboga ya mtoto chaweza kuyalinda macho yake.