Neno Halijafika Mpaka Lirudi

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu akisha kusema, na mwenzake akaitika "Ndiyo," basi maneno yamefika. Lakini sisi tufanyao kazi maofisini, pamoja na wakulima wanaotujia, twajua ya kuwa sivyo. Mtu hutoka nyumbani alfajiri, akalipa nauli, kisha huambiwa ya kuwa alitakiwa jana, au kwamba hakuleta karatasi ipasayo. Naye huapa ya kuwa hakuambiwa hivyo. Mara nyingi hakuna mwongo kati yao. Neno lilipotea njiani.

Mwaka 1948 mtaalamu wa Marekani, Claude Shannon, aliyefanya kazi katika mambo ya simu, aliandika makala akieleza safari ya habari. Yuko anayeituma, iko njia, yuko anayeipokea, na njiani huingia makelele yanayoiharibu. Yeye alifikiri habari za mitambo; lakini waliomfuata waliona ya kuwa mfano huo wafaa pia kwa watu wawili wanaozungumza. Na makelele si ngoma na motokaa tu. Haraka ni makelele, hofu na hasira pia ni makelele, na hata desturi za watu zaweza kuwa makelele.

Tazama habari ya saa. Karani huandika tarakimu 8, akikusudia asubuhi kwa hesabu ya Kiingereza. Mzee husoma "saa nane," kama Kiswahili kisemavyo, akafika alasiri, saa sita baada ya wakati wake. Wote wawili wamesoma vyema, na kazi imeharibika.

Au karani huuliza, "Hukupata barua yetu?" Mkulima hujibu, "Ndiyo," maana yake, ni kweli, sikuipata. Karani aliyezoea Kiingereza huandika ya kuwa barua ilipokewa. Kwa neno hilo moja mtu aweza kuhesabiwa kuwa amepuuza wito katika shauri la shamba lake. Ni heri kuuliza, "Ulipata barua, au hukuipata?"

Tena mazungumzo si maneno peke yake. Kijana aliyelelewa kumheshimu mkubwa huinamisha macho. Mwenye desturi nyingine humdhania kuwa anaficha jambo.

Hata wataalamu hupatwa na mambo haya. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Tenerife, visiwa vya Canary, ndege mbili kubwa ziligongana ardhini penye ukungu, wakafa watu 583. Rubani mmoja alianza kuruka hali hajapewa ruhusa. Maneno yaliyopita katika redio yaliweza kufahamika kwa namna mbili, na mengine yaligongana hewani yasisikike vyema. Baada ya msiba huo kanuni za maneno ya marubani zilikazwa. Rubani akipewa ruhusa, yampasa kuirudia kwa kinywa chake, na aliyeitoa husikiliza kama imerudiwa sawasawa.

Dawa hiyo yatufaa nasi, wala haina gharama. Karani asiulize, "Umeelewa?" kwa maana mtu mwenye adabu ataitika tu, asije akaonekana mjinga. Yafaa aseme, "Mzee, nataka kujua kama nimekueleza vizuri. Utakuja siku gani, na utaleta nini?" Hapo kosa likionekana, ni la maelezo, wala mzee hakutahayari. Mkulima naye asione haya kusema, "Mwanangu, hebu nirudie: nije Jumanne, saa mbili asubuhi, pamoja na hati ya shamba na kitambulisho. Ndivyo?"

Na mama akipewa dawa ya mtoto, yenye pakiti iliyoandikwa 1x3, airudie mbele ya mganga: kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, wala si vidonge vitatu kwa mara moja.

Wazee wetu walisema ya kuwa kuuliza si ujinga. Vivyo hivyo kurudia maneno ya mwenzako si kumdharau. Ni kazi ya dakika moja, na kwa dakika hiyo mtu aweza kuokoa nauli yake, shamba lake, hata uhai wa mtoto wake.