Anayeuzwa Ni Mtazamaji: Hesabu Zilizo Nyuma ya Televisheni ya Sebuleni

Mwishoni mwa Shaabani kamati ya msikiti wetu hapa Kaagya ilipokea ombi kutoka kwa kina mama. Walitutaka tukiandikie kituo kimoja cha televisheni barua ya malalamiko juu ya mambo mawili. La kwanza, kipindi cha watoto wanaohifadhi Qur'ani, ambacho kilikuwa kikirushwa baada ya Alasiri, kimehamishiwa alfajiri, wakati ambapo watoto wamelala au wanatafuta sare za shule. La pili, katikati ya mpira tangazo la kubeti hurudiwa mara nyingi kiasi kwamba mtoto wa miaka 6 amekwisha kulihifadhi neno kwa neno, ilhali Suratul-Fatiha bado anaikosea.

Tulianza kuiandika barua hiyo, nayo ilikuwa kali. Tulipofika ukurasa wa pili, mzee mmoja wa kamati ambaye hana televisheni nyumbani kwake akauliza, "Katibu, hicho kituo kinakula nini?" Hakuna aliyejibu. Tulikuwa tumejiandaa kukilaumu kituo bila ya kujua kinaishije. Kalamu ikawekwa chini, nasi tukapewa kazi ya kutafuta jibu.

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba kituo huuza vipindi kama mwenye duka anavyouza sukari, na kwamba sisi ndio wanunuzi. Kwa kituo cha biashara kinachotazamwa bila malipo, mambo ni kinyume cha hivyo. Mnunuzi ni kampuni yenye bidhaa ya kutangaza. Kinachouzwa ni muda wetu, dakika zile tulizokaa mbele ya kioo. Kipindi ni chambo. Sisi tunaoishi karibu na Ziwa Victoria hatuhitaji maelezo marefu hapo, kwani hatujapata kumwona mvuvi aliyetia chambo kwa ajili ya kumpenda samaki.

Bei ya muda huo hupangwa kwa hesabu. Chukulia kijiji chenye nyumba 100 zilizo na televisheni. Saa 2 usiku, nyumba 40 zimewasha, na kati ya hizo 20 zinatazama kipindi fulani. Kipindi hicho kina kiwango cha utazamaji cha 20, kwa kuwa ni nyumba 20 kati ya zote 100. Na mgao wake ni asilimia 50, kwa kuwa ni nusu ya zile zilizowasha. Mwenye tangazo huangalia kiwango kwanza. Kama sekunde 30 zinauzwa kwa shilingi 1,000,000 na watazamaji ni 500,000, basi amelipa shilingi 2,000 kwa kila watazamaji 1,000. Akiona kituo kingine kinampa 1,000 hao kwa shilingi 1,500, atahama. Bei hizi tumezitunga kwa mfano, lakini hesabu yenyewe ndiyo inayotumika Dar es Salaam, Nairobi na London.

Hapo ndipo swali la kipindi cha Qur'ani linapopata nusu ya jibu lake. Aliyekihamisha hakuwa na haja ya kuichukia dini. Ilitosha aone kwamba nusu saa ya alasiri ina mtu wa kuinunua, na nusu saa ya alfajiri haina. Vipindi vingi vya dini, vya Waislamu na vya wasiokuwa Waislamu, huwekwa katika saa zilizokosa mnunuzi, au saa ambazo taasisi ya dini yenyewe imezilipia.

Lakini ni nani anayetuhesabu? Nchini Marekani kampuni ya Arthur Nielsen ilianza kupima watazamaji wa televisheni mwaka 1950, baada ya kupima wasikilizaji wa redio kwa kifaa kilichofungwa ndani ya nyumba zilizochaguliwa. Uingereza ina chombo chake, BARB, tangu mwaka 1981. Katika Afrika ya Mashariki kazi hiyo imefanywa zaidi kwa mahojiano, kwa madaftari ambayo mtu hujaza alichotazama, na katika miaka ya karibuni kwa ujumbe wa simu, njia iliyotumiwa na kampuni ya GeoPoll katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo. Mtu huulizwa jana alitazama nini, saa ngapi, kituo gani. Majibu ya watu wachache waliochaguliwa husimama badala ya mamilioni.

Njia hiyo si ya kudharauliwa. Mpishi huonja kijiko kimoja akajua chumvi ya sufuria nzima, mradi amekoroga vizuri. Shaka yetu ni juu ya kukoroga. Simu katika nyumba nyingi za hapa kwetu ni ya baba. Ujumbe ukija, baba ndiye atakayejibu, naye jana alikuwa shambani au katika mnada wa kahawa. Bibi aliyetazama tamthilia mchana kutwa na wajukuu hakuulizwa. Kadhalika kibanda umiza: vijana 80 wamejazana kwenye mabenchi mbele ya kioo kimoja na king'amuzi kimoja kilicholipiwa mara moja. Katika vitabu vya mwenye king'amuzi hao ni mteja mmoja. Tuliwauliza waumini baada ya Ijumaa kama kuna aliyewahi kuhojiwa juu ya televisheni. Hakunyanyuka mkono hata mmoja.

Tena mwenye tangazo hahitaji kila mtu. Anamtafuta mwenye fedha na aliye karibu na duka lake, na huyo kwa kawaida yuko mjini. Ndiyo maana ratiba ya televisheni ya nchi nzima inafuata jioni ya Dar es Salaam. Hapa tuwakumbushe wazazi jambo ambalo halimo katika barua ya kina mama, ila linatuhusu mno kila Ramadhani. Jua la kwetu huchwa takriban nusu saa baada ya kuchwa Dar es Salaam, ikizidi au kupungua kwa majira. Adhana ya Magharibi inayosikika kwenye televisheni kutoka huko si ya Kaagya. Mwenye kufuturu kwa adhana hiyo amefuturu mchana. Na kwa sababu hiyo hiyo, taarifa ya habari ya saa 2 usiku, ambayo huko huwakuta watu wamekwisha kuswali Isha, huku huja pale pale mwadhini anapopanda kuadhini.

Tuje kwenye gharama. Kutengeneza tamthilia ya hapa nchini kunahitaji waigizaji, mwandishi, kamera, taa, mafuta ya jenereta, mavazi, nyumba ya kupigia picha na mhariri wa kuunganisha vipande. Fedha zote hizo hutoka kabla tangazo moja halijauzwa. Tamthilia ya Kituruki imekwisha kurudisha gharama zake kwao. Inapouzwa katika nchi ndogo kimapato, bei yake hushuka, na kinachobaki ni kuwalipa watu wachache wa kuitia sauti za Kiswahili studioni. Ndivyo Sultan, iliyotengenezwa Uturuki kuanzia mwaka 2011, ilivyoingia katika sebule zetu ikizungumza Kiswahili fasaha kupitia Azam. Wapo waliosema kwamba ni njama ya kuwafundisha wake zetu fitina za kasri. Sisi tunaona kwamba kilichoileta ni bei. Fitina zilikuwako kabla yake.

Vipindi vya watoto ndivyo vyenye hali ngumu kuliko vyote, maana mtoto hanunui vocha wala saruji. Ubongo Kids, kipindi cha hesabu na sayansi kilichotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kuonekana TBC1 mwaka 2014, kinapendwa na watoto wa nchi nyingi za Afrika. Hata hivyo shirika linalokitengeneza si la kibiashara, nalo limetegemea kwa kiasi kikubwa fedha za wafadhili. Ikiwa kipindi chenye mafanikio kama hayo hakilishwi na matangazo peke yake, kipindi chetu cha watoto wanaosoma Juzuu Amma kitalishwa na nini?

Mpira uko upande wa pili kabisa. Hauhitaji mwandishi, na hakuna ajuaye mwisho wake. Mwaka 2021 Azam Media na Shirikisho la Mpira wa Miguu walitia saini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Magari ya matangazo yamewahi kusafiri kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba, zaidi ya kilomita 1,300, ili Kagera Sugar ionekane ikicheza Kaitaba. Fedha kama hizo lazima zirudi, kwa vifurushi tunavyolipa na kwa matangazo. Na ni nani aliye tayari kulipa ghali kwa macho ya vijana wa kiume? Kwa miaka kadhaa jezi za Simba na Yanga zilibeba jina la bia ya Kilimanjaro. Mwaka 2017 zikabeba la SportPesa, kampuni ya kubeti. Ligi yenyewe tangu 2021 inaitwa kwa jina la benki. Pombe, kisha kamari, kisha riba. Mtu angedhani wadhamini wamepangwa na mwalimu wa fiq'hi anayetafuta mifano ya darasa.

Hukumu ya kamari tunaijua, imo katika Suratul-Maida, aya ya 90 na 91, nayo haihitaji kamati. Lakini tangazo la kubeti lina hesabu yake ambayo wazazi yafaa waione. Tangazo la sabuni hulipwa na sabuni iliyonunuliwa, na mnunuzi amerudi nyumbani na sabuni. Tangazo la kubeti hulipwa na waliopoteza. Kijana wa kibanda umiza aliyeweka shilingi 1,000 za mkeka wake akakosa, amechangia kulipia tangazo litakalomwita mdogo wake wiki ijayo. Serikali inaweza kuingilia: Kenya, mwezi wa Aprili 2025, ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Lakini fedha za namna hiyo zikiondoka kituoni, pengo hubaki, na wanaolalamika ndio huulizwa watalijaza kwa nini.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya nchi zenye Waislamu wachache. Katika nchi za Kiarabu msimu mkubwa kabisa wa televisheni ni Ramadhani. Familia imefuturu, imekaa pamoja, haiendi popote. Ni mavuno ya mwaka kwa mwenye tangazo. Tamthilia hutungwa kwa vipande 30, kipande kwa kila usiku. Bab al-Hara ya Syria, iliyoanza Ramadhani ya mwaka 2006, ilikusanya watazamaji kutoka Ghuba hadi Maghribi, na masheikh wa huko wamekuwa wakilalamika kwamba Tarawehe inashindana na tamthilia. Mwezi wa toba umekuwa mwezi wa bei za juu.

Njia nyingine za kukilisha kituo zipo, na kila moja ina mfuko wake. Televisheni ya Zanzibar ilianza mapema miaka ya 1970 kwa fedha za serikali, wakati Tanzania Bara ikisubiri hadi 1994 kuipata ITV, kituo cha mfanyabiashara. Uingereza nyumba zinazotazama televisheni hulipia ada kwa ajili ya BBC. TV Imaan iko chini ya The Islamic Foundation ya Morogoro, nayo huonyesha kwamba Waislamu wa nchi hii wanaweza kuwa na kioo chao bila ya bia wala mikeka. Ila kila mfuko huchoka, na mfuko wa sadaka huchoka mapema zaidi wachangiaji wanapokuwa wale wale wa paa la msikiti, wa kisima na wa mishahara ya walimu wa madrasa.

Basi barua yetu tuliichana na kuandika nyingine, fupi. Hatukulaumu. Tuliuliza bei ya nusu saa ya alasiri, mara moja kwa wiki, kwa miezi mitatu, na tukaomba kwamba katika nusu saa hiyo lisipitishwe tangazo la kubeti. Jibu lilikuja kwa heshima, na bei iliyoandikwa ilizidi makusanyo ya msikiti wetu ya mwaka mzima. Kamati iligawanyika. Wapo waliosema fedha ya waumini haiwezi kutupwa hewani ilhali watoto wanakaa chini kwenye majamvi yaliyochakaa. Wengine wakasema watoto hao hao wakitoka kwenye majamvi wanakwenda kukaa mbele ya kioo, kwa saa nyingi zaidi ya zile za madrasa. Tulikubaliana kwamba fedha ya msikiti isiguswe, na badala yake watafutwe wafanyabiashara Waislamu wa kukidhamini kipindi, kwa kuwa wao wana bidhaa za kutangaza na kituo kinataka mwenye bidhaa. Kwa sasa mashindano ya kuhifadhi yanafanyika msikitini kila Jumamosi baada ya Alasiri, na wazazi wote wanakaribishwa.

Hadi tunapoandika haya, mfanyabiashara mmoja wa Bukoba mjini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ameahidi kuchangia. Wa pili, anayeuza mchele kwa jumla, alitusikiliza hadi mwisho, akatusifu kwa juhudi, kisha akauliza kabla ya kufungua mkoba wake kwamba kipindi hicho kinatazamwa na watu wangapi.