Mgomba wa Entebbe Haustawi Moroto

Askari wa Uganda apatapo amri ya uhamisho kutoka Entebbe kwenda Moroto, huenda mkewe akafunga ndani ya mizigo machipukizi machache ya mgomba, yaliyoviringishwa katika gunia lenye unyevu, ili watoto wasikose matoke huko waendako. Machipukizi hayo yakipandwa nyuma ya nyumba mwezi wa Aprili, hutoa majani mawili matatu yenye kupendeza, na ifikapo Januari huwa yamekauka hata shinani. Mama wa nyumba hujilaumu kwamba hakumwagilia maji ya kutosha. Kosa si lake. Amejaribu kupanda mmea wa hali moja ya hewa katika hali nyingine ya hewa, na juu ya udongo usioujua mmea huo.

Jambo la kwanza ni mvua, wala si wingi wake tu, bali pia jinsi inavyogawanyika katika mwaka. Entebbe hupokea zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, katika misimu miwili, na hata katikati ya misimu hiyo mvuke wa Ziwa Victoria huleta manyunyu. Mmea usiopumzika, kama mgomba, hupata kinywaji mwaka mzima. Ndiyo sababu ukanda wa ziwa ni makao ya misitu yenye majani mabichi daima, kama ule wa Mabira ulio kati ya Kampala na Jinja. Karamoja, kinyume chake, ina msimu mmoja tu wa mvua, takriban Aprili hadi Septemba, na nyanda zake nyingi hupata kati ya milimita 500 na 800. Kisha hufuata miezi ya jua kali na upepo mkavu. Hapo hustahimili migunga, yenye vijijani vidogo visivyopoteza maji mengi, na nyasi zinazokufa juu huku mizizi yake ikiwa hai chini.

Lakini mvua peke yake haielezi kila kitu. Atazamaye kilima kimoja cha Buganda ataona mimea ya namna tatu ikinyeshewa mvua ile ile. Kileleni, ambako udongo ni mwembamba juu ya mwamba mwekundu wenye chuma, huota nyasi fupi tu, zinazofaa mbuzi. Mteremkoni udongo ni mwekundu na wa kina kirefu, nao hubeba migomba, mibuni na mabingobingo marefu kuliko mtu. Bondeni, ambako maji hutuama, ni ufalme wa mafunjo. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani huko Tanganyika, aliueleza mpangilio huu katika miaka ya 1930, na fikra yake ikaenea duniani kote. Wakulima wa vilima hivyo, bila shaka, walikuwa wakiujua kwa majembe yao tangu zamani.

Katika nyanda za Karamoja upo udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hufura unapolowa, hata magari ya jeshi hukwama ndani yake, na ukikauka hupasuka nyufa zinazokata mizizi. Miti mingi haivumilii mateso hayo. Migunga mifupi yenye miiba huyavumilia. Na kwa kuwa joto hupungua kadiri mtu apandavyo, Mlima Moroto ulio karibu na mji huo una msitu katika sehemu zake za juu. Mfano mkubwa zaidi ni Rwenzori: kutoka nyanda kavu za Kasese mtu hupita msitu, kisha mianzi, kisha mimea mikubwa ya ajabu ya baridi, hadi penye barafu katika kilele cha Margherita, mita 5,109.

Kati ya ukanda wa ziwa na Karamoja upo ukanda wa nyasi na miti wa kaskazini, Acholi na Lango, na humo mna mti ambao jiko la kila nyumba linauhusu. Huo ni mshea, ambao wenyeji huuita yao. Gome lake nene huuwezesha kuhimili mioto inayopita nyikani kila kiangazi, na akina mama hukamua kokwa zake kupata mafuta ya kupikia na kujipaka. Huchukua miaka 15 au zaidi kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza. Moto wa nyika hauuwezi, lakini shoka linauweza, na makaa yake huwaka vizuri mno. Mwezi Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku biashara ya makaa kutoka kaskazini. Polisi na wanajeshi walipewa kazi ya kuyazuia malori, ilhali katika nyumba zao wenyewe, kama katika nyumba nyingi za mijini, chakula hupikwa kwa makaa.

Kuhusu bustani ya Moroto, wanawake Wakaramojong hupanda mtama mvua za kwanza zinaposhika, nao hukomaa kabla upepo mkavu haujaanza. Pembeni ya shamba mkwaju huachwa usimame, kwa kivuli chake na kwa ukwaju wa kutia katika uji. Mgeni wa kambini anayeomba mbegu kwa jirani huyo mwezi wa Machi huwa na cha kuvuna wakati machipukizi ya mwenzake yangali yakihangaikia maji.