Kokwa ya Kale na Neno Kufufuka

Mbegu ya kale ikiota, watu husema kwamba imefufuka. Neno hilo lapendeza masikioni, walakini halilingani na jambo lenyewe. Maana hufufuka aliyekwisha kufa, na mbegu iliyokufa haioti kamwe.

Mfano ulio bora ni kokwa za tende zilizofukuliwa Masada, ngome iliyo karibu na Bahari ya Chumvi, baina ya 1963 na 1965. Katika 2005 kokwa tatu zilirowekwa katika maji ya moto ili zipate tena kunywa maji, kisha zikatiwa dawa za kukuza, zikapandwa, moja ikaota. Vipande vya ganda vilivyoshikamana na mizizi yake vilipopimwa, ilibainika kuwa umri wake wapata miaka 2,000. Mche huo ukawa mtende dume.

Sababu yake ni ukavu wa nchi ile. Mbegu ikiwa kavu sana, kiini chake karibu huacha kabisa kupumua, na akiba yake ya chakula haiishi upesi. Bali unyevu pamoja na joto huiua.

Basi kiini kililala tu, na kitenzi kinachofaa ni kuamka. Baada ya kuamka, mbegu huota. Kuchipua nako si kuota: ni kutoa chipukizi, na hata kisiki huchipua. Mwenye kufasiri maandishi ya elimu ya mimea hana budi kuzishika tofauti hizi.