Gari Linapokosa "Mafuta": Kuichunguza Njia ya Petroli katika Peugeot 504 ya Zamani

Utangulizi

Makala haya yananuia kufafanua namna ya kutambua hitilafu zinazozuia petroli kufika injinini katika gari la zamani linalotumia kabureta. Huenda msomaji wa jarida hili, aliyezoea kukutana humu na uhakiki wa tamthilia na mijadala ya fonolojia, akashangaa kuona kabureta imekaribishwa barazani mwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Sababu ni mbili. Kwanza, tumekuwa tukidai katika makongamano yetu kwamba Kiswahili kinamudu kuelezea sayansi na teknolojia. Dai la aina hiyo huthibitishwa kwa kuelezea, wala si kwa kudai. Pili, chanzo cha makala haya ni neno moja la Kiswahili ambalo liliigharimu familia ya mwandishi fedha si haba, na nusura liigharimu gari lenyewe.

Gari linalorejelewa ni Peugeot 504 ya mwaka wa 1979, iliyonunuliwa na marehemu baba wakati akifundisha. Modeli hii ilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968, ikashinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975 na tena mwaka wa 1978, na hapa nchini ikawa gari la walimu, machifu na wasafiri wa masafa marefu hata jina "Pijo" likawa takribani kisawe cha teksi ya kubeba abiria wa pamoja. Baada ya baba kutuacha, gari lilikaa chini ya mwembe kwa miaka mitatu, tangi likiwa na petroli chini ya nusu. Lilipofufuliwa lilikuja na tabia mpya. Kwenye tambarare lilikwenda vyema. Likianza kupanda mlima lilikohoa, likatikisika, likapoteza nguvu pole pole na hatimaye likazima. Likipumzishwa robo saa, liliwaka kana kwamba halijapata kuugua.

Mama alilipeleka katika gereji moja na kusema, "Fundi, gari hili linakosa mafuta." Fundi akajibu, "Sawa, mama," akamwaga oili ya injini, akatia mpya na kubadilisha chujio lake. Wiki iliyofuata gari likazima tena. Mara hii mama aliambiwa kwamba injini imechoka na sharti ifunguliwe yote. Bei aliyotajiwa ilizidi thamani ya gari, na mnunuzi wa vyuma chakavu akaanza kupita nyumbani kusalimia.

Tatizo la neno "mafuta"

Mwanaisimu ataona mara moja kilichotokea. Neno "mafuta" limebeba maana nyingi: ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya kulainisha mashine na ya kuendeshea mashine. Muktadha ndio hutuokoa, ila chini ya boneti muktadha ni mmoja kwa maana mbili. Mama alikusudia kinachochomwa; fundi alielewa kinacholainisha. Si haki kumlaumu fundi kwa hilo la kwanza (la pili, la injini kuchoka, ni jambo jingine). Katika makala haya, kwa hivyo, "petroli" ni ile inayochomwa na "oili" ni ile inayolainisha. Neno "mafuta" litaachwa nje ya gereji.

Safari ya petroli

Katika 504 ya kabureta, petroli huanzia tangini, nyuma ya gari. Ndani ya tangi mna bomba la kufyonzea ambalo mdomo wake una wavu mwembamba wa kuzuia taka. Kutoka hapo petroli hupita katika bomba la chuma chini ya gari, kisha katika mpira mfupi, hadi kwenye pampu iliyo ubavuni mwa injini. Pampu hii haitumii umeme. Ndani yake mna kiwambo cha mpira kinachovutwa na mkono mdogo unaochezeshwa na mhimili wa injini wenyewe, kisha kikarudishwa na springi. Kiwambo kikivutwa, petroli hufyonzwa kutoka nyuma. Kikirudi, petroli husukumwa mbele hadi kwenye kabureta. Hapo huingia katika kibakuli chenye boya. Kibakuli kikijaa, boya huinuka na kuisukuma sindano ndogo inayoziba tundu la kuingilia; petroli ikipungua, boya hushuka na tundu hufunguka. Ni ufundi uleule wa tangi la maji la choo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba njia hii ina sehemu mbili zenye tabia tofauti. Mbele ya pampu petroli inasukumwa, hivyo ufa wowote hutoa matone na harufu. Nyuma ya pampu petroli inafyonzwa, na ufa hapo huenda usitoe hata tone moja gari likiwa linakwenda: badala ya petroli kutoka, hewa huingia. Wengi hutazama chini ya gari, wakakuta pakavu, wakahitimisha kuwa mabomba ni mazima. Mpira uliopasuka nywele karibu na pampu umewahi kuwapotezea watu miezi kadhaa kwa sababu ya ukavu huo.

Je, ni petroli kweli?

Kabla ya kuishtaki petroli, ni lazima umeme uondolewe shakani. Namna gari linavyokufa ni ushahidi wa kwanza. Hitilafu ya umeme mara nyingi hukata ghafla, kama taa inavyozimwa. Njaa ya petroli huja kwa hatua: gari hukohoa, husita, hupata nguvu kidogo ukiinua mguu kwenye kanyagio, kisha hufifia. Mara nyingine hutema mlio kupitia kwenye kabureta, dalili kwamba hewa imezidi petroli katika mchanganyiko.

Ushahidi wa pili hupatikana papo hapo barabarani. Gari likizima, fungua kifuniko cha chujio la hewa, tazama kooni mwa kabureta na uvute mkono wa kanyagio kwa kidole. Katika kabureta nzima yenye petroli, mchirizi mwembamba utaruka ndani ya koo. Mchirizi ukiwapo, kibakuli kina petroli, na yafaa uelekee kwenye koili, plagi na nyaya. Usipokuwapo, pana uwezekano mkubwa kwamba petroli haijafika. Jaribio hili huchukua nusu dakika na halihitaji spana. Sharti ni injini iwe imezimwa na pasiwe na sigara karibu, wala uso wako usiwe juu ya koo lenyewe.

Kukata njia vipande viwili

Ikishabainika kuwa petroli haifiki, kosa la kawaida ni kununua pampu mpya. Njia bora ni kukata safari ile vipande viwili na kuuliza kila kipande swali lake.

Chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa, chomoa waya mkuu wa koili ili cheche isitokee, na umwombe mwenzako azungushe injini kwa stata. Petroli inapaswa kutoka kwa mapigo yenye nguvu na ya kufuatana. Kwa injini ya kiasi hiki, nusu lita kwa dakika moja hivi ni kipimo ambacho mafundi wengi hukiridhia. Ikitoka hivyo, pampu na yote yaliyo nyuma yake hayana hatia wakati huo. Tazama sindano ya boya na matundu ya kabureta. Ikitoka kwa kudondoka au ikichanganyika na mapovu, chomoa sasa mpira wa upande wa pili, ule unaotoka tangini, na uunganishe pampu na mkebe wa petroli safi uliowekwa karibu. Rudia jaribio. Mapigo yakirejea, pampu ni nzima na mhalifu yuko nyuma: mpira, bomba, wavu au tangi. Yasiporejea, pampu ndiyo mgonjwa.

Pampu ikiwa ndiyo mgonjwa, chunguza pia kijiti cha kupimia oili. Kiwambo kilichotoboka huweza kumwaga petroli ndani ya injini. Oili ikaongezeka badala ya kupungua, ikanuka petroli na kuwa nyepesi. Gari katika hali hiyo lisiwashwe mpaka oili ibadilishwe. (Naam, hapo yule fundi wa kwanza angekuwa amefanya jambo la maana.) Mpira wa zamani, aidha, huharibiwa na alkoholi iliyomo katika petroli ya nchi kadhaa. Sisi wenyewe tuliwahi kuchanganya petroli na alkoholi ya molasi kutoka Muhoroni katika miaka ya 1980.

Wapo wanaotatua kila kitu kwa kufunga pampu ya umeme. Si vibaya, mradi shinikizo lake lilingane na kabureta, yaani baina ya robo na theluthi ya baa hivi. Pampu iliyotolewa kwenye gari la kisasa husukuma kwa baa mbili au tatu, nayo huishinda nguvu sindano ya boya, kibakuli kikafurika na petroli ikamwagika juu ya injini yenye moto.

Magonjwa matatu yenye dalili moja

Ugumu wa gari letu ulikuwa kwamba lilipona lenyewe. Majaribio ya chupa yalifanywa nyumbani, chini ya mwembe, na yote yakafaulu. Magari yanayokufa, yakapumzika na kufufuka yana washukiwa watatu wakuu, tukiiacha koili ambayo nayo hufa ikipata joto.

Wa kwanza ni tangi lisilopumua. Petroli inapotoka, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Tundu la hewa likiziba, ombwe hujengeka tangini hadi pampu ishindwe. Gari likisimama, hewa hupenya taratibu na uhai ukarudi. Huyu hujisaliti kwa urahisi: fungua kifuniko cha tangi mara tu gari linapozima, na usikilize mvumo wa hewa ikiingia.

Wa pili ni mvuke. Petroli ikipata joto kali ndani ya bomba au pampu huchemka, na pampu iliyoundwa kusukuma kioevu haiwezi kusukuma mvuke. Katika nyanda za juu hatari hii ni kubwa zaidi, kwa kuwa kanieneo ya hewa kwenye mita 2,000 ni takribani asilimia 80 tu ya ile ya pwani, na vioevu huchemka mapema. Kitambaa chenye maji baridi kikiwekwa juu ya pampu, gari lenye ugonjwa huu hurejewa na fahamu haraka. Wako wanaobana vibanio vya nguo kwenye bomba la petroli wakidai huzuia mvuke. Mwandishi ameviona vibanio hivyo, hajauona uponyaji wake.

Wa tatu ni taka tangini, naye ndiye mjanja kuliko wote.

Siku ya jaribio tulichagua mteremko wa Mai Mahiu, katika barabara ya zamani iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, tukapanda kuelekea Limuru. Nilikuwa na fundi mmoja mzee ambaye kazi yake yote ya ujana ilikuwa magari haya. Alikuwa amefunga chujio la plastiki linaloonyesha kabla ya pampu, akaniambia, "Kijana, wewe endesha, mimi nitasoma." Gari lilikohoa kabla ya nusu ya mlima, likazima. Kooni mwa kabureta hapakuwa na mchirizi. Chujio lilikuwa tupu. (Chujio la aina hiyo likiwa nusu tupu si ajabu, likiwa tupu kabisa ni ushahidi.) Kifuniko cha tangi hakikuvuma. Pampu ilikuwa vuguvugu tu, kwa maana asubuhi ilikuwa ya baridi na ukungu, na kitambaa cha maji hakikubadilisha lolote. Cheche ilikuwa imara.

Mzee akachomoa bomba la kutoka tangini, akaunganisha pampu ya baiskeli na kupuliza kuelekea nyuma, akionya kuwa kupuliza kwa mdomo ni kuomba kunywa petroli. Tulisikia mapovu tangini. Akarudisha bomba, na gari likawaka bila ile robo saa ya mapumziko.

Maelezo yake yalikuwa haya. Katika miaka mitatu ya kukaa, unyevu wa hewa uliganda kwenye chuma kilicho juu ya petroli na kutu ikamea. Vipande vyake vilitua chini ya tangi. Kwenye tambarare injini huhitaji petroli kidogo na mfyonzo ni wa upole. Mlimani mahitaji huongezeka, mfyonzo ukazoa kutu na kuibandika kwenye wavu kama majani kwenye mdomo wa mfereji. Injini ikizima, mfyonzo hukoma, kutu hudondoka na njia hufunguka. Mapumziko hayakuwa yakipoza chochote.

Tangi lilishushwa, likaoshwa kwa maji ya moto na sabuni huku mnyororo ukitikiswa ndani yake, likakaushwa juani siku mbili. Palipokuwa na tundu dogo, mzee alikataa katakata lichomelewe siku hiyo: tangi tupu la petroli limejaa mvuke, na mvuke ndio hulipuka. Bomba lilipulizwa, mipira ikabadilishwa yote. Injini haikufunguliwa. Chujio la kwanza baada ya hapo lilibadilika rangi na kuwa kama chai ya rangi kabla ya kilomita 200, la pili likadumu hadi 900 hivi. La tatu lingali jeupe, nalo limekwisha kupanda Mai Mahiu mara nne, mama akiwa kiti cha mbele.