Pumzi yako ina thamani gani, na nani anaipima?

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa mpakani anajua bei ya karibu kila kitu: gunia la maharage Mutukula, ndoo ya dagaa Busia, shilingi ya jirani inabadilishwa kwa ngapi leo. Lakini ipo mali moja ambayo wengi wetu hatuulizi thamani yake mpaka ianze kupungua. Ni pumzi.

Watafiti wa afya wamekuwa wakiiuliza kwa zaidi ya miaka 50, na majibu wanayopata si ya kuwekwa kabatini. Katika nchi kadhaa ndiyo yanayosaidia kuamua dawa ipi ilipiwe na bima na ipi mgonjwa ajinunulie. Ndiyo maana ni vizuri kujua mizani hiyo inavyofanya kazi, na ni nani aliyeulizwa.

Ugonjwa unaohusika zaidi hapa ni ule wa njia za hewa kuwa nyembamba na kubaki hivyo, ambao hospitalini huandikwa kwa herufi COPD. Mgonjwa hukohoa, hutoa makohozi na huishiwa pumzi kwa kazi ambayo zamani aliifanya akipiga soga. Shirika la Afya Duniani linasema uliua watu wapatao milioni 3.5 mwaka 2021. Kati ya wanaokufa kabla ya kutimiza miaka 70, karibu 90 katika kila 100 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kwetu upo, na si haba. Utafiti uliofanyika Masindi, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2015, ulikuta watu 16 katika kila 100 wenye umri wa zaidi ya miaka 30 wana ugonjwa huu. Sigara ni chanzo kimoja. Vingine ni moshi wa kuni na mkaa, vumbi la kazini, na makovu yanayoachwa na kifua kikuu hata baada ya kupona. Anayekausha samaki kwa moshi au kushinda kwenye ghala la nafaka anaelewa mazungumzo haya.

Kipimo cha hewa hakitoshi

Daktari hupima mapafu kwa kumwambia mgonjwa apulize kwa nguvu kwenye mashine, kisha huangalia ni hewa kiasi gani imetoka katika sekunde ya kwanza. Kipimo hicho ni cha lazima, lakini hakisemi kila kitu. Wawili wanaweza kupata namba ileile, mmoja akiwa karani anayeshinda amekaa, mwingine akiwa mtu wa kubeba mizigo. Karani ataendelea na mshahara wake. Mbebaji amepoteza mtaji.

Kwa sababu hiyo yalitungwa madodoso. Mwaka 1992 Profesa Paul Jones na wenzake wa St George's, London, walichapisha dodoso lenye alama kutoka 0 hadi 100, ambapo 100 ndiyo hali mbaya kabisa. Linauliza kuhusu kikohozi, kupanda ngazi au mlima, kazi za nyumbani, hofu na aibu. Alama zikishuka kwa 4, huhesabiwa kuwa mgonjwa ameona nafuu yenye maana. Mwaka 2009 likaja jingine fupi liitwalo CAT, lenye maswali manane tu.

Kubadilishana miaka

Madodoso hayo yanaeleza hali, ila hayasemi ina thamani gani. Hapo ndipo inapokuja njia iliyobuniwa Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mfanyabiashara ataielewa upesi kwa kuwa ni mapatano matupu.

Mtu huambiwa hivi: una miaka 10 ya kuishi na ugonjwa huu. Naweza kukupa miaka michache zaidi ya hapo chini, lakini yenye afya kamili. Utakubali mingapi? Akisema 9, ugonjwa huo kwake si mzito sana, na thamani ya maisha hayo huandikwa 0.9. Akikubali 5, imeshuka hadi 0.5. Afya kamili ni 1, kifo ni 0. Hali ambayo mtu anaiona mbaya kuliko kifo huandikwa chini ya sifuri.

Kutoka hapo hesabu ni nyepesi. Dawa ikimpandisha mgonjwa kutoka 0.6 hadi 0.7 kwa miaka mitano, imempa nusu mwaka wa afya kamili. Mlipaji huangalia nusu mwaka huo umegharimu kiasi gani. Uingereza hupima hivyo dawa zake mpya kabla ya kuzilipia.

Bei ya Uingereza, bei ya Harare

Ili wasimuulize kila mgonjwa maswali hayo mazito, watafiti hutumia dodoso fupi liitwalo EQ-5D. Lina mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Majibu hupelekwa kwenye jedwali la thamani lililotengenezwa kwa kuwahoji wananchi wa kawaida.

Swali ni wananchi wa wapi. Mwaka 1993 Waingereza wapatao 3,000 walihojiwa, na hali mbaya kuliko zote katika dodoso hilo ikapata -0.594. Baadaye zaidi ya watu 2,000 waliulizwa Harare, Zimbabwe, na mwaka 2003 matokeo yakachapishwa. Hali ileile ilipata -0.145. Sehemu ya tofauti inaweza kutokana na namna ya kuuliza. Hata hivyo funzo liko wazi: huwezi kuchukua mizani ya mtu mwingine ukategemea ikupimie sawasawa. Ni kama kununua kwa lumbesa na kuuza kwa kilo.

Uganda imepata jedwali lake, lililochapishwa mwaka 2022. Ni hatua nzuri, lakini mambo matatu yanabaki ya kuangaliwa.

Kwanza, katika yale matano hakuna swali la pumzi. Kukosa hewa kunaonekana kwa kupitia mlango wa nyuma, yaani kwenye kutembea na shughuli za kila siku. Mama anayekohoa usiku kucha lakini bado anafika sokoni anaweza kuonekana mzima.

Pili, mgonjwa huzoea. Aliacha kubeba gunia, akaacha kuvuka mpaka, akabaki na kibanda karibu na nyumbani. Ukimuuliza atasema, "Naendelea vizuri tu." Anasema kweli kwa maisha aliyobakiza, lakini yale aliyoyapoteza hayaonekani popote.

Tatu, wapo wanaoona kuwa miaka ni ya Mungu na haipatanwi. Mtu huyo akikataa kutoa hata mwaka mmoja, jedwali litasoma kwamba ugonjwa haumsumbui, kumbe alichokataa ni swali lenyewe. Anayehoji lazima ajue kutofautisha.

Jambo hili linakugusa wapi

Kenya ilianza mpango mpya wa bima ya afya ya jamii Oktoba 2024. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kila mpango lazima uchague cha kulipia, kwa kuwa fedha hazitoshi kila kitu. Ugonjwa ambao uzito wake haujapimwa vizuri husukumwa mwisho wa foleni, nyuma ya ile inayoua upesi.

Na kinachoweza kulipiwa si dawa ya kuvuta pekee. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, wagonjwa walioachiwa mapafu mabovu na kifua kikuu waliwekwa kwenye mpango wa mazoezi na mafunzo wa wiki sita. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kuwa hali zao zilikuwa nzuri zaidi walipomaliza. Mazoezi hayo hayahitaji mitambo ya gharama kubwa, ila yanahitaji mtu wa kuyasimamia na mtu wa kuyalipia.

Kwa hiyo ukifika kliniki usiseme tu kwamba "kifua kinabana." Sema ulichoacha: zamani nilibeba magunia mangapi, sasa mangapi, nilitembea kutoka geti hadi soko bila kupumzika, sasa napumzika mara tatu. Kikohozi kikizidi wiki mbili, pimwa kwanza kifua kikuu. Kama unavuta sigara, kuacha ndiyo dawa inayopunguza kasi ya ugonjwa kuliko nyingine yoyote.

Na siku mtafiti akija na dodoso, mpe muda. Wenye vyama vya wafanyabiashara wawaombe wahojaji wafike sokoni na mpakani pia, maana anayegonga milango saa nne asubuhi hamkuti mtu wa biashara nyumbani. Tusipohesabiwa, thamani ya pumzi zetu itapangwa na watu ambao hawajawahi kubeba mzigo wetu.