Indiketa ya Bodaboda na Simba wa Kitengela

Jioni moja kwenye barabara ya Tarime kwenda Mugumu, bodaboda iliyokuwa mbele yetu ilikata kona, ikaendelea na safari, na indiketa yake ikabaki inawaka na kuzima. Dereva alikuwa amesahau kuizima. Giza lilipokolea sikuiona tena pikipiki wala mtu. Niliona nukta moja ya rangi ya chungwa ikipepesa, na nikajua tu kwamba pale kuna binadamu anatembea.

Nukta ile ilinirudisha kwa Richard Turere, mtoto wa Kimaasai wa Kitengela, Kenya. Kwao kunapakana na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, upande wa kusini usio na uzio. Kazi yake ilikuwa kuchunga ng'ombe wa baba yake, na asubuhi moja alilikuta dume lao la pekee limeuawa na simba. Msomaji wa vijiji vya Serengeti, au wa Tarime kule mpakani na hifadhi, hahitaji kusimuliwa uchungu wa asubuhi kama hiyo. Anajua fisi, anajua simba, anajua tembo shambani, na anajua foleni ya kifuta jasho.

Mwaka 2013 Turere alisimama kwenye jukwaa la TED nchini Marekani akaeleza alivyofanya, na maelezo yake yana unyoofu wa mtoto asiyeona haya kushindwa. Kwanza aliwasha moto, akidhani simba wanauogopa. Akagundua kwamba moto unawasaidia kuliona zizi vizuri zaidi. Akaweka sanamu, kama ile ya kutishia ndege. Usiku wa kwanza simba walikuja, wakaiona, wakageuka. Usiku wa pili waliona kitu kile kile mahali pale pale, wakaelewa kwamba hakitembei, wakaingia wakaua. Kisha usiku mmoja akazunguka zizi akiwa na tochi mkononi, na simba hawakuja. Hapo ndipo alipopata jibu: simba haogopi mwanga, anaogopa mwanga unaotembea.

Nani sasa angezunguka na tochi hadi alfajiri? Mtoto alikuwa na umri wa miaka 11 na alihitaji usingizi. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ndogo ya sola ya kuichaji, swichi, balbu za tochi mbovu, na kile kiboksi kidogo cha pikipiki kinachozifanya indiketa ziwake na kuzima. Akazipanga taa zikitazama porini. Zikawa zinapepesa usiku kucha, simba wakidhani kuna mtu anazunguka zizi, kumbe mwenyewe, anasema, yuko kitandani amelala. Umeme alijifunza kwa kuifungua redio mpya ya mama yake, na mama alikasirika kwelikweli.

Kiboksi kile ndicho kilichoninasa. Aliyekitengeneza alitaka dereva wa nyuma ajue mwenzake anapinda. Turere alikipa kazi nyingine: kuigiza hatua za mchungaji. Njia hiyo ndiyo walimu wa usanifu wa bidhaa wanayohangaika kuifundisha vyuoni: mtazame kwanza utakayemtengenezea, jaribu, shindwa, mtazame tena. Tofauti ni kwamba Turere alimtazama simba.

Majirani walimwomba awafungie, akawafungia. Akapata nafasi ya masomo katika shule ya Brookhouse, Nairobi, na mwaka 2023 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ikamweka miongoni mwa wavumbuzi vijana waliofika fainali ya tuzo yake. Mwenyewe aliwahi kukiri kwamba awali aliwachukia simba, lakini taa ziliwaokoa ng'ombe na zikawaokoa simba pia, maana simba asiyeua ng'ombe hawindwi kwa kisasi.

Kwetu Tanzania mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yapo tangu 2019, na mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, upo sekondari tangu 2024. Ni hatua njema. Ila sijui, je, mwanafunzi wa Serengeti akiifungua redio ya nyumbani, ataitwa mbunifu au mharibifu? Mwalimu atampa alama ngapi kwa sanamu iliyoshindwa usiku wa pili? Na tembo, mwenye akili zake, atadanganywa na taa kwa misimu mingapi kabla ya kuizoea kama simba walivyoizoea sanamu?

Majibu hayatatoka kwenye ukumbi wa maonyesho. Mwalimu wa amali, usimwambie mwanafunzi wako atengeneze mfano wa daraja ambalo hajawahi kulivuka. Mwambie akalale karibu na zizi la baba yake, atazame, kisha Jumatatu aje akueleze alichokiona. Vifaa visikutie hofu: kiboksi cha indiketa kiko kwenye kila pikipiki inayopita mbele ya shule yako.